Kiti cha Kushoto

Ndege za kwanza za ratiba kutoka London kuja Tanganyika hazikuhitaji uwanja. Zilitua majini, Mwanza. Shirika la Imperial Airways la Uingereza lilizindua safari hiyo tarehe 28 Februari 1931, mara moja kwa wiki, na kwa karibu mwaka mzima Mwanza ndiyo ilikuwa kituo cha mwisho. Januari 1932 njia ilirefushwa hadi Cape Town kwa kupitia Nairobi na Mbeya, Mwanza ikaachwa kando. Ndege zilizofanya kazi kati ya Khartoum na Mwanza ziliitwa Short Calcutta: zilikuwa na injini tatu na tumbo la mashua, na chumba cha mbele kilikuwa wazi, kiasi kwamba marubani walipigwa na upepo wa ziwa usoni huku abiria wakiwa wamekaa ndani penye paa. Marubani hao wote walikuwa Wazungu. Kazi iliyobaki kwa Mwafrika ilikuwa ya ufukweni, kupokea kamba, kubeba magunia ya barua na kusukuma mapipa ya mafuta.

Naanzia huko mbali kwa makusudi. Malalamiko ya marubani wetu juu ya wageni wanaochukua kazi zao huzungumzwa kana kwamba yalizuka juzi, na mara nyingi huchukuliwa kuwa ni wivu wa watu wanaolipwa vizuri. Ukiifuata historia ya anga ya Mwanza, Shinyanga na Geita tangu mwanzo, utaona kwamba si wivu.

Ndege nyingi za abiria zina viti viwili mbele. Kapteni hukaa kushoto, msaidizi wake kulia. Ndivyo ilivyo duniani kote. Habari za ukanda huu wa dhahabu na almasi zinaweza kusimuliwa kwa kuuliza, kila baada ya miaka kadhaa, ni nani aliyekaa kushoto.

Wajerumani walishaiona dhahabu ya Geita tangu mwaka 1898, lakini uchimbaji mkubwa ulikuja chini ya Waingereza miaka ya 1930, na mgodi ule ukaendelea hadi 1966. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, si mbali na mji wa Shinyanga. Akajenga mji wake ndani ya uzio, wenye nyumba, hospitali, shule na uwanja wa ndege. Mwaka 1947 ilipatikana huko almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, ikapelekwa Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Almasi ni mzigo mdogo wenye thamani kubwa, na mwenye mzigo wa namna hiyo hapendi barabara ndefu ya vumbi. Hivyo wenyeji wa Mwadui waliizoea ndege ikipita juu ya vichwa vyao miaka mingi kabla hawajapata barabara ya lami. Williamson alifariki Januari 1958, na mwaka huohuo mgodi ukauzwa, nusu kwa De Beers na nusu kwa serikali ya Tanganyika.

Wakati huo lilikuwepo tayari shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946 na makao yake Nairobi. Lilianza na ndege aina ya Dragon Rapide, za mbao zilizofunikwa kitambaa, zenye mabawa ya juu na ya chini. Rubani wa Rapide alikaa peke yake kwenye pua ya ndege, bila msaidizi, ramani magotini. Nadhani hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana: katika ndege isiyo na kiti cha kulia hakuna mahali pa kumweka mwanafunzi. Baadaye zikaja Dakota zenye viti viwili, na vyote viwili vikakaliwa na Waingereza na walowezi wa Kenya, wengi wao wakiwa wamejifunza kuruka vitani kwa gharama ya Mfalme. Hisa za shirika zilikuwa za serikali za Afrika Mashariki, Kenya ikishika theluthi mbili hivi na Tanganyika chini ya sehemu moja ya kumi. Mwenye hisa za kiasi hicho hana sauti kubwa inapogawanywa kazi.

Uhuru ulipofika Desemba 1961, ofisi nyingi zilianza kubadilisha sura haraka. Mkuu wa wilaya Mwingereza aliondoka, Mtanganyika akaingia. Kwenye ndege haikuwa hivyo, na sababu yake haikuwa ubaguzi peke yake. Leseni ya kurusha ndege za biashara hudai saa 200 hivi angani. Leseni kamili ya kapteni wa ndege za abiria hudai saa 1,500. Waziri anaweza kumteua mkurugenzi kwa barua ya asubuhi, lakini hakuna barua inayoweza kumpa mtu saa 1,500. Saa hizo hupatikana kwa kuruka tu, na ili uruke sharti mwenye ndege akupe kiti. Mwenye ndege naye humtaka mtu ambaye tayari anazo. Kijana wa Kisukuma aliyemaliza sekondari ya Bwiru au Ihungo miaka ile, hata angekuwa na kichwa kizuri namna gani, aliukuta mlango huo umefungwa kwa ndani.

Tanzania ilijaribu kuufungua kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa jeshi. Wajerumani wa Magharibi walianza kusaidia kikosi cha anga, wakaondoka mwaka 1965 kwa ugomvi wa kidiplomasia uliotokana na ubalozi wa Ujerumani Mashariki Zanzibar, wakaja Wakanada, na baada yao Wachina. Ya pili ilikuwa shule ya pamoja. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifungua chuo cha usafiri wa anga Soroti, Uganda, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ili Wakenya, Waganda na Watanzania wafundishwe urubani na ufundi wa ndege papa hapa kwetu. Kwa maoni yangu Soroti ni miongoni mwa mambo bora kabisa ambayo Jumuiya ile iliyaanzisha. Lakini haikupata muda. Ndani ya mwaka huohuo Idi Amin alikuwa ameshika madaraka Kampala, na miaka sita baadaye Jumuiya yenyewe ikavunjika. Mapema 1977 ndege za East African Airways zilisimama Nairobi. Kenya ikaanzisha Kenya Airways, na sisi tarehe 11 Machi 1977 tukaanzisha Shirika la Ndege la Tanzania, ambalo wananchi wamezoea kuliita ATC.

Hapo ndipo Watanzania walipoanza kukaa kushoto kwa wingi, na miaka mitano baadaye nchi nzima ikaona walichokuwa wanaweza.

Ijumaa ya tarehe 26 Februari 1982 ndege ya ATC aina ya Boeing 737 iliondoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, safari ya saa moja na ushee. Kwenye kiti cha kushoto alikuwa Kapteni Deo Mazula. Angani vijana wa Kitanzania waliokuwa na silaha waliiteka, wakidai Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ndege ikapelekwa Nairobi, kisha Jeddah, kisha Athens, na mwishowe uwanja wa Stansted nje ya London. Humo ndani walikuwamo abiria wa kawaida wa Kanda ya Ziwa, watumishi, wafanyabiashara, kina mama na watoto, waliopanda ndege wakitarajia kula chakula cha mchana Dar. Rubani msaidizi alijeruhiwa kwa risasi. Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa akiishi uhamishoni London, aliitwa kuzungumza na watekaji, na tarehe 28 wakajisalimisha. Abiria wote walitoka hai.

Tafakari ugumu wa kazi ile. Ndege iliyopangiwa njia ya ndani ikavuka Bahari ya Shamu na Mediterania, msaidizi ana jeraha, bunduki iko mlangoni, na kila uwanja mpya una minara, sauti na taratibu zake. Aliyekuwa na shaka kama Mwafrika anaweza kukabidhiwa ndege ya injini za jeti alipata jibu. Heshima ambayo kazi ya urubani ilipata Tanzania miaka ile haikutokana na sare nyeupe wala miwani ya jua. Ilitokana na mambo kama hayo.

Heshima haikulipa madeni ya shirika. Fedha za kigeni zilikauka, vipuri vikakosekana, na kufikia miaka ya 1990 ATC ilikuwa na ndege za kuhesabu kwa vidole. Ratiba ya Mwanza iliahirishwa mara kwa mara hadi watu wakarudi kwenye treni ya Reli ya Kati. Rubani aliyesomeshwa na serikali akajikuta hana ndege ya kuruka, na rubani asiporuka leseni yake inakufa. Wengine walihamia nje, hasa Ghuba. Simlaumu hata mmoja wao.

Wakati shirika la taifa linanyauka, dhahabu ilikuwa inaamka. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wakati huo ikiwa wilaya ya Kahama mkoani Shinyanga, ili kupisha kampuni kubwa, na machungu ya tukio lile hayajaisha mpaka leo. Mgodi wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000 na Bulyanhulu ukafuata 2001. Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ulianza 2009. Kila mgodi ulijenga kiwanja chake cha ndege. Kampuni ndogo za kukodisha ndege zikachangamka, mojawapo ikiwa Auric Air iliyoanzia Mwanza, na ndege iliyotawala anga la ukanda huu ikawa Cessna Caravan.

Caravan ni ndege ya injini moja, mabawa juu, matairi yake hayaogopi changarawe. Asubuhi Mwanza abiria hupimwa uzito pamoja na begi lake, kwa sababu katika ndege ndogo kilo 20 ni kitu. Rubani mwenyewe huzunguka ndege akikagua mafuta, akigusa propela, akitazama matairi. Mwenyewe hupanga nani akae wapi, hufunga mlango, husimama ameinama na kueleza mikanda na milango ya dharura kabla ya kupanda mbele. Kuvuka ghuba ya ziwa hadi Geita ni kama dakika 20. Enzi za kivuko cha Busisi, gari likiwa bado linasubiri zamu, Caravan ilikuwa imeshashusha abiria na kurudi. Rubani hujifunza mambo ambayo hayamo vitabuni: mawingu ya ziwa hujikusanya usiku na yanaweza kuwa bado yamekaa alfajiri ufukwe wa magharibi, ng'ombe wa Usukuma hawasomi vibao vya uwanja, kwa hiyo kabla ya kutua unapita chini mara moja kuwafukuza, na mwezi wa Septemba vumbi na moshi wa mashamba huficha vilima.

Caravan inaruhusiwa kurushwa na mtu mmoja. Kiti cha kulia, chenye usukani wake kamili, mara nyingi hupewa abiria.

Ndiyo sababu nasema hofu ya marubani wetu si wivu. Katika miaka 25 iliyopita viwanja vya migodi na vya mbuga vimekuwa mahali ambapo rubani kijana anaweza kukusanya saa. Vijana wa Afrika Kusini, Ulaya na kwingineko wanalijua hilo. Huja wakiwa na saa mia chache, hufanya kazi mwaka au miwili, hujaza daftari lao la safari, kisha huondoka kwenda kushika Airbus au Boeing kwao. Sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni inataka kibali cha kazi na sababu ya kutoajiri Mtanzania, na sababu hupatikana kirahisi: hakuna Mtanzania mwenye uzoefu unaotakiwa. Ni kweli hayupo. Hayupo kwa sababu saa ambazo zingempa uzoefu zimeondoka na mwingine. Tumebishana miaka mingi, na kwa haki, juu ya makinikia na mrabaha, juu ya kiasi gani cha dhahabu kinatoka nchini bila kulipiwa. Saa za kuruka juu ya Geita na Kahama nazo ni mali. Nazo zimesafirishwa nje, na hakuna aliyezihesabu bandarini.

Mgeni huyo kijana hana kosa. Anafanya kile ambacho sisi wenyewe tungekifanya. Mzazi wa Kitanzania naye, anayeuza kiwanja au ng'ombe wa familia kumlipia mwanawe mafunzo Afrika Kusini au Ethiopia, humwona akirudi na leseni safi na saa 200, halafu anakaa nyumbani miaka miwili akipeleka barua za maombi.

Huku kwenye ndege kubwa, wageni waliingia kwa mlango wa hisa. Desemba 2002 serikali iliiuzia South African Airways asilimia 49 ya shirika letu kwa dola milioni 20. Matumaini yalikuwa makubwa: ndege mpya, soko, mafunzo. Mwaka 2006 ndoa ikavunjika na serikali ikarudisha hisa, shirika likiwa hoi kuliko lilivyokuwa. Mwaka 2003 Kenya Airways ilinunua asilimia 49 ya Precision Air, kampuni iliyoanzishwa na Michael Shirima. Ndoa hiyo ilikuwa na tija zaidi. ATR za Precision zilifika Mwanza, Bukoba, Musoma, Tabora, na hata Ibadakuli, uwanja wa Shinyanga, ambako zilitua kwenye changarawe. Kwa mtumishi wa Shinyanga hilo halikuwa jambo dogo.

Machi 2010 Boeing 737 ya shirika la taifa iliteleza ikitua Mwanza na kuharibika vibaya. Hakufa mtu, lakini kwa siku kadhaa shirika lilibaki gumzo la vijiweni, na marubani wake wakachekwa pamoja nalo.

Tarehe 29 Novemba 2012 fastjet, yenye wenye hisa London, ilianza safari Tanzania. Njia zake mbili za kwanza zilikuwa Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro na Dar es Salaam kwenda Mwanza. Nauli ya chini kabisa ilitangazwa kuwa shilingi 32,000 kabla ya kodi, karibu sawa na basi. Watu waliokuwa hawajawahi kupanda ndege walipanda. Nilifurahi wakati ule na bado nasema lilikuwa jambo jema kwa abiria wa Kanda ya Ziwa: mama wa Geita aliyempeleka mtoto hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kwa mwendo wa saa moja na nusu badala ya siku nzima barabarani hana haja ya kujua kapteni ni raia wa wapi. Marubani walikuwa na macho mengine. Waliona nauli ambayo haiwezi kulipa gharama, na walijua gharama isipolipwa na nauli italipwa na mwenye mtaji wa nje hadi achoke. Alichoka. Mwaka 2018 hisa ziliuzwa kwa Lawrence Masha, aliyewahi kuwa mbunge wa Nyamagana, Mwanza, na kufikia mwisho wa mwaka huo kampuni ilikuwa imesimama ikiwa na madeni. Ushindani wa aina hiyo hupita, lakini ukipita huwa umeshaondoa kampuni ndogo za wenyeji na ajira zake.

Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato mkoani Geita, alilifufua shirika la taifa kwa kununua ndege mpya: Q400 mbili mwaka 2016, Dreamliner Julai 2018, kisha Airbus A220. Chato ikajengewa uwanja wenye njia ya kilomita 3, na wapo waliolipinga hilo kwa nguvu wakati Ibadakuli ilikuwa bado inasubiri lami. Kwa marubani ufufuo ule ulikuwa neema, na baadhi ya waliokuwa wakifanya kazi nje walirudi. Lakini mwishoni mwa 2022 A220 zililazimika kuegeshwa kwa matatizo ya injini yaliyoyakumba mashirika mengi duniani, na rubani wa ndege iliyoegeshwa haongezi hata saa moja.

Ndipo ikaja Bukoba.

Jumapili tarehe 6 Novemba 2022, saa 2:53 asubuhi, ATR 42 ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam iliingia ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43. Wavuvi walifika kabla ya vyombo vya uokoaji, na kijana mvuvi Majaliwa Jackson, aliyepiga makasia kuifuata ndege, akawa shujaa wa taifa. Watu 24 waliokolewa na 19 wakafa, marubani wote wawili wakiwamo. Kapteni alikuwa Mtanzania, Buruhani Rubaga. Msaidizi wake alikuwa Mkenya. Majaliwa alisimulia kwamba alimwona rubani akiwa hai kwenye kioo cha mbele, akimwashiria, na kwamba alijaribu kumsaidia hadi naye akaumia na kupoteza fahamu.

Kabla miili haijazikwa, hukumu ilikuwa imeshatolewa mitandaoni. Wapo waliosema rubani angegeuka aende Mwanza, wapo waliosema alijiamini kupita kiasi. Watu ambao hawajawahi kuona dira ya ndege walieleza mwinuko na mwendokasi. Uchunguzi wa ajali ya ndege huchukua miezi mingi kwa sababu maalumu: hutafuta chanzo chote, uwanja, hali ya hewa, vifaa, mafunzo, uokoaji, sio mtu wa kubebeshwa lawama. Ripoti ya awali yenyewe ilionyesha jinsi uokoaji ulivyosuasua. Bukoba ina njia fupi pembezoni mwa ziwa lenye dhoruba kali, na marubani wamekuwa wakitua hapo kila siku kwa miaka bila kupongezwa na yeyote. Kazi hii haisikiki inapofanywa vizuri, kwa hiyo umma huijua kwa ajali tu, na kwa migomo.

Migomo nayo ilikuwapo wikendi hiyohiyo. Jumamosi tarehe 5 Novemba marubani wa Kenya Airways, chini ya chama chao cha KALPA, waliacha kazi Nairobi wakidai, pamoja na mambo mengine, michango ya mfuko wao wa akiba irejeshwe. Maelfu ya abiria walikwama, na marubani wakalaumiwa kuwa wanaiangusha kampuni iliyokwisha kudhoofika. Mahakama iliwaamuru warudi na baada ya siku chache wakarudi. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyefungua gazeti Jumatatu ile alikuta picha mbili za rubani: huku amekufa ziwani akidaiwa kukosea, kule yuko hai akidaiwa kuwa na tamaa. Ingekuwa vigumu kuipata wiki mbaya zaidi kwa jina la kazi hii.

Pigo lililofuata lilitoka Brussels. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka Ulaya kwa sababu za usalama, na Juni 2025 ukayaweka mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Sababu iliyotolewa ilihusu usimamizi: mamlaka ya usafiri wa anga haina wataalamu wa kutosha na ukaguzi wake hautoshi. Haikusemwa kwamba marubani wa Tanzania hawajui kazi. Lakini ni nani anayetofautisha? Hakuna shirika letu lililokuwa likiruka kwenda Ulaya, kwa hiyo mtu anaweza kudhani halituhusu. Linahusu sana. Mawakala wa utalii na kampuni za bima za Ulaya huisoma orodha hiyo na kuwashauri wateja wao wasipande ndege zetu hata za ndani, na katika mgodi wenye wahandisi wa kigeni afisa usalama huisoma pia. Caravan inayorushwa na Mtanzania mwenye saa 4,000 na rekodi safi imewekwa kwenye kapu moja na kila kasoro ya ofisi ambayo yeye hana mamlaka nayo. Akiomba kazi Doha au Dubai, leseni yake inatoka kwenye nchi iliyomo kwenye orodha. Mgeni aliyekaa naye kwenye ndege ileile ana leseni ya kwao, na doa halimfuati.

Serikali inajua njia ya kutoka: kuajiri na kuwalipa vizuri wakaguzi wa usafiri wa anga, wakiwamo marubani wenye uzoefu, hadi orodha ifutwe. Nchi nyingine zimefutwa kwa kufanya hivyohivyo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kimepata ndege za mafunzo, na Mtanzania ataanza kupata saa 200 bila baba yake kuuza ng'ombe.

Kati ya saa 200 na 1,500, hata hivyo, bado kuna pengo, na ukanda wa dhahabu una uwezo wa kulijaza. Kanuni za madini za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania zinaitaka kampuni ya uchimbaji itoe kipaumbele kwa bidhaa, huduma na wafanyakazi wa nchini, na mgodi hutoa ripoti ya utekelezaji. Ndege ya kukodi ni huduma. Mkataba wa kusafirisha wafanyakazi wa mgodi unaweza kuandikwa kwamba kila safari iwe na marubani wawili na mmoja wao awe Mtanzania anayekusanya saa. Gharama yake ni kiti kimoja cha abiria. Ukaguzi wake ni rahisi, kwa sababu kila saa huandikwa kwenye daftari la rubani na kutiwa saini.

Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, urefu wake kilomita 3, na sasa gari linavuka ghuba kwa dakika chache. Safari fupi za Caravan kati ya Mwanza na Geita zitapungua, nazo ndizo zilizokuwa shule. Lami ya Ibadakuli, kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, itaileta Shinyanga kwenye ndege kubwa zaidi, zinazorushwa na marubani wawili kwa lazima. Mikataba ya miaka hii michache ndiyo itakayoamua nani atakuwa na saa za kutosha kuzirusha.